Geza Kerec, Aliyepanda Kabla ya Zofka

Baada ya kuitumikia bustani ya Nyumba ya Tiba ya Topla Loka kwa miaka thelathini na minane, Bwana Geza Kerec anastaafu leo, Ijumaa, tarehe tisa Mei. Tarehe hiyo ilipangwa na mkurugenzi wetu akiwa ofisini, kalenda mezani, madirisha yamefungwa. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi hapa mkoani Prekmurje angemwambia kwamba hiyo si tarehe ya kumstaafisha mtunza bustani. Pankrac, Servac na Bonifac, wale watakatifu watatu wanaorudisha baridi katikati ya Mei, hawajapita bado. Nyuma yao, tarehe kumi na tano, anakuja mtakatifu wa kike, Zofka, na mvua yake, na jina lake la utani haliwezi kusomwa mbele ya wageni. Mpaka Zofka apite, nyanya haitoki nje. Ndivyo tulivyolelewa, na hata wasioenda kanisani huishika amri hii kuliko zile kumi.

Kwa miaka thelathini na saba Bwana Geza alikuwa askari wa amri hiyo. Mwaka wa thelathini na nane aliivunja kwa mikono yake mwenyewe. Wasifu huu utaeleza yote mawili. Mhusika ameshaarifiwa, na amejibu kwamba hatahudhuria. Tunamwona ameketi mstari wa mbele.

Hakuja hapa kama mtunza bustani. Alikuja kama fundi bomba, kijana mwembamba kutoka kijiji cha karibu na Bogojina, akapewa kazi ya kuyapeleka mtoni maji ya moto yaliyokwisha kutumika kwenye mabwawa yetu ya kuogea. Akaona ni dhambi kuyaacha maji yale yaondoke na joto lote lile. Akaomba vioo vya madirisha mabovu, akajenga banda nyuma ya jiko, akayapitisha mabomba chini ya udongo wake. Februari iliyofuata, theluji ikiwa bado imefika magotini, jikoni kulikuwa na letisi mbichi. Hakuna aliyemtafuta tena kwa habari ya mabomba.

Kisha akatundika ubao mweusi kando ya mlango wa ukumbi wa chakula, na kila asubuhi akawa anaandika kwa chaki jambo moja la kumshangaza mgonjwa kabla hajala. Kila jambo lilianza kwa maneno yale yale: Je, mnajua? Siku ya kwanza aliandika kwamba maji yaliyopasha magoti ya wageni asubuhi ndiyo yanayoipasha moto letisi yao. Akasahau kuongeza kwamba maji hayo hupita ndani ya mabomba na hayagusi mmea hata kidogo. Siku hiyo saladi ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Ubao huo umesomwa kwa njaa na maelfu ya watu. Ndipo tulipojifunza kwamba kitaalamu stroberi si beri, lakini nyanya ni beri, na hata boga ni beri. Kwamba tufaha huelea majini kwa sababu karibu robo yake ni hewa. Kwamba kabichi iliyochachushwa ilipakiwa kwenye meli za zamani ili meno ya mabaharia yasing'oke. Hayo ni kweli. Ubao huo huo ulitufundisha pia kwamba mafuta ya mbegu za maboga huondoa makunyanzi, na kwamba alaye tufaha la jirani hulala vizuri kuliko alaye la kwake.

Ofisi ya lishe ililazimika kuingilia kati. Mtaalamu wa lishe aliyeajiriwa hapa miaka minne iliyopita, ambaye ndiye anayeandika mistari hii, alinunua chaki ya buluu na kuanza kusahihisha chini ya maandishi meupe. Bwana Geza hakukasirika. Alianza kuacha nafasi chini ya kila sentensi. Siku ambazo hakukuwa na cha kusahihisha alipita jikoni akiwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa, na kesho yake aliandika uongo mkubwa zaidi.

Mwezi Machi ulikuwa wake. Kabla maua ya manjano ya regrat hayajachanua mbugani, aliwagawia wagonjwa visu vidogo na kuwatoa nje wakachume majani yake machungu, hata wale waliokuja kwa kiti cha magurudumu. Majani yale, yakichanganywa na viazi vya moto, yai la kuchemsha na mafuta meusi ya mbegu za maboga, ndicho chakula chetu cha kwanza cha kijani baada ya majira ya baridi, na hakuna wa huku anayehitaji kushawishiwa kukila. Jaji mmoja mstaafu kutoka Ljubljana alihitaji.

"Mimi si mbuzi," alisema jaji, kisu mkononi.

"Naona," alijibu Bwana Geza. "Mbuzi hajaandikiwa dawa ya presha."

Jaji alichuma. Amerudi kila mwaka tangu siku hiyo, na kila mwaka anadai kwamba anakuja kwa ajili ya goti.

Kuna pia kisa cha pipa. Bwana Geza alifunika shina la rabarbara kwa pipa ili likue gizani, maana likikosa mwanga vikonyo vyake vyekundu, ambavyo ndivyo huliwa, hurefuka upesi na ukali wake hupungua. Akaandika ubaoni kwamba rabarbara ikikua gizani hutoa sauti, na anayetaka kuisikia aende akasikilize. Wiki nzima watu wazima, wengine wakiwa na digrii, walipiga magoti matopeni na kuegemeza masikio kwenye pipa. Wataalamu wa viungo walilalamika kwamba wagonjwa wa mgongo wanainama bila kibali. Chaki ya buluu ilikuwa tayari. Kisha ikagundulika kwamba ni kweli: katika mabanda ya giza ambako rabarbara hukuzwa kwa wingi, vichipukizi vikipasuka husikika. Chaki ikarudi mfukoni. Kwenye pipa letu, hata hivyo, hakuna aliyewahi kusikia kitu isipokuwa Mama Terezija, na yeye alisema kilichosikika ni Geza akicheka nyuma ya ua.

Hapa ni lazima Mama Terezija Balažic atajwe kwa kirefu kidogo. Ndiye mkuu wa chumba cha dobi. Kamba zake za kuanikia zimepakana na bustani, na mpaka huo umekuwa na vita kuliko mipaka mingi ya bara hili. Bwana Geza alipogeuza mboji, mashuka yalinuka. Mwezi Novemba, mapipa ya ile mizizi tunayoiita repa yalipochachuka kwenye makapi ya zabibu kule ghala la chini, harufu ilipanda hadi kwenye foronya. Tope la viatu vyake lilifika mahali ambapo viatu vyake vinaapa havikufika.

"Wewe Geza, ulizaliwa shambani au ulipandwa?" alimuuliza mara moja mbele ya mkaguzi wa afya.

"Nilipandwa, Mama. Baada ya Zofka."

Kuhusu Zofka, hakuwa na mzaha. Mkurugenzi mmoja, aliyekwisha kuhama, alinunua maua ya jeraniamu mwishoni mwa Aprili na kuyapanga kwenye ngazi za mbele ili apigwe picha. Asubuhi iliyofuata ngazi zilikuwa tupu. Maua yalikuwa ndani ya banda la vioo, mlango umefungwa kwa kufuli, na kwenye kioo imebandikwa karatasi yenye neno moja: Karantini. Picha ilipigwa tarehe kumi na sita Mei. Mpishi aliyethubutu kutoa nje basili yake alirudishiwa chungu kimevikwa soksi ya sufu. Dada Nuša, ambaye ni binti ya Mama Terezija na ndiye anayeirithi bustani kuanzia Jumatatu, anasimulia kwamba mwaka wake wa kwanza hapa hakufundishwa kitu kingine hadi katikati ya Mei. Alifundishwa kusubiri.

Sasa tufike kwenye nyanya zenyewe.

Si nyanya za duka. Ni zile kubwa za waridi ambazo watu wetu huziita moyo wa ng'ombe, lakini za ukoo mmoja tu: mama yake Bwana Geza alizikuza uani kwake, akazianika mbegu zake kwenye vipande vya gazeti dirishani, na alipofariki mwanawe akazileta hapa. Zina sura mbaya. Hupasuka begani, hazipangiki kwenye sanduku, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba haziwezi kusafirishwa hata kufika Murska Sobota. Anayezila zikiwa bado na joto la jua husahau kwamba alikuja hapa kwa ajili ya figo.

Msimu wa mwaka juzi mvua haikukatika na ukungu uliziozesha shinani. Msimu wa mwaka jana mvua ya mawe ya Julai ilizipiga. Lilisalia tunda moja. Miaka yote Bwana Geza alikuwa akiwagawia wageni mbegu, na baada ya mvua ya mawe aliwaandikia wote waliowahi kuzichukua. Walimjibu kwa upendo mkubwa, wakamtumia picha za sosi. Hakuna aliyekuwa na mbegu.

Kwa hiyo mwezi Machi alipanda trei moja kwenye banda la vioo, na ndani ya trei hiyo mlikuwa na kila mbegu aliyobaki nayo. Hakuweka akiba. Nyumba ya kijijini iliuzwa baada ya mkewe kufariki. Sasa anaishi ghorofani, na baraza yake inatazama kaskazini. Trei ile ikifa, nyanya za mama yake zimekwisha duniani. Jambo hili hakuliandika ubaoni. Tulilijua sote.

Aprili ilikuwa ya joto, joto la kudanganya. Micheri iliangusha maua mapema. Jumamosi iliyopita Bwana Geza alitoka bandani amebeba trei, akaipita meza ya kuizoesha miche hewa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tuta lililo kando ya kamba za dobi, lenye jua kuliko yote. Dada Nuša alimfuata.

"Bwana Geza, Zofka bado."

"Zofka hanilipi pensheni. Nishikie kamba ya mistari."

"Wewe ndiye uliyenifundisha..."

"Nilikufundisha vizuri. Sasa nishikie kamba."

Alipanda miche yote. Alitaka kuiona ardhini kabla ya Ijumaa; hakusema hivyo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mlinzi wa lango, ambaye amewahi kunyang'anywa pilipili zake za chunguni, alisimama uani akatazama, kisha akavua kofia kama mtu anayepita kwenye msiba.

Jumatano alasiri upepo uligeuka ukaja kutoka kaskazini. Ukafagia mawingu yote. Jua likishuka, mbingu ikawa safi kama kioo kilichofutwa, na kila mtu wa huku anajua maana ya mbingu safi mwezi Mei: kabla ya asubuhi jalidi itashuka, na jani lolote changa litakaloguswa litakuwa jeusi kama limechomwa. Tulimkuta Bwana Geza amesimama mbele ya tuta, mikono mifukoni. Hilo ndilo lililotutisha.

Vitambaa vya kufunikia mimea tunavyo. Alikuwa amevitandaza vyote juu ya stroberi za jikoni, ambazo ziko kwenye maua.

"Vitoe basi!" alisema Dada Nuša. "Stroberi zitachanua tena mwakani!"

"Stroberi ni za nyumba," alijibu. "Nyanya ni zangu. Na kosa pia ni langu."

Mama Terezija alikuwa akianua nguo upande wa pili wa kamba. Aliyasikia hayo. Akaingia dobi, na kwa muda tulisikia magurudumu tu. Alipotoka alikuwa anasukuma kigari kilichojaa mashuka meupe yaliyopigwa pasi, akakipitisha katikati ya letisi bila kutazama chini.

"Mama Terezija, hayo si ya wagonjwa?" aliuliza Bwana Geza.

"Wagonjwa wana mablanketi. Shika pembe hiyo, mzee mkaidi, kabla sijabadili mawazo."

Mashuka hayakutosha. Kengele ya chakula cha jioni ilikuwa imelia, na wageni walikuwa wakipita kwenye ujia wa vioo kuelekea ukumbini, wengine bado na majoho meupe ya kuogea. Wakamwona mkuu wa dobi amesimama kwenye tope. Wakajua pana jambo. Wa kwanza kutoka alikuwa jaji kutoka Ljubljana, fulana ndani, joho nje.

"Nani anahukumiwa hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bwana Geza.

Jaji akalivua joho lake akampa. Basi wakatoka wote. Ilikuwa ni kama mnada wa majoho: bibi wa chumba cha kumi na mbili alitoa lake na kofia ya kuogelea juu yake, mpishi akaleta masufuria makubwa ya supu, mlinzi akaleta koti la kazi. Na hapo Bwana Geza akafufuka. Akaanza kutukemea sote kwa zamu, sauti ikisikika hadi mapokezi. Weka vijiti kwanza! Nguo isiguse jani! Nani huyu anayekanyaga vitunguu? Mheshimiwa jaji, toa mguu! Giza lilipoingia, tuta lote lilikuwa limesimama na majoho yake juu ya vijiti vya maharage, mikono imening'inia, mithili ya foleni ya wagonjwa wasio na vichwa. Wenye miili wakaenda kula supu, wakitetemeka.

Jana asubuhi majoho yalikuwa yamekakamaa kama mbao. Yalinyanyuliwa moja moja. Chini yake miche ilikuwa kijani. Mstari wa mwisho, wa kando ya ua, ambako nguo zilikwisha, ulikuwa mweusi. Bwana Geza aliinama akaung'oa taratibu, akaupeleka kwenye mboji yeye mwenyewe, akarudi, akahesabu iliyobaki, akahesabu tena. Kisha akampa Mama Terezija mkono. Mkono ulikuwa na tope, na Mama Terezija aliushika.

Jana hiyo ubao ulibaki mtupu. Watu walisimama mbele yake kama kawaida, wakasubiri kidogo, wakaingia kula bila kujua chochote. Bwana Geza alipita akiwa na chaki mkononi, akautazama ubao ule mweusi, akaendelea na njia yake. Wengine walidhani amechoka. Chaki ya buluu nayo ilikaa mfukoni mchana kutwa, ikiwa haina cha kusahihisha, na mwenye chaki hiyo anakiri kwamba chakula hakikuwa na ladha.

Sasa tunatakiwa kutaja mafanikio. Aliwatoa wagonjwa vitandani kwa kuwapa visu. Aliifanya nyumba nzima ijue mwezi wa kila mboga, hata mpishi wetu akiletewa tango mwezi Januari hulitazama kama mtu asiyemjua aliyeingia bila hodi. Alimfundisha Dada Nuša vizuri mno, akafika hatua ya kumkosoa mwalimu. Alitudanganya mara nyingi ajabu, tukala majani kwa sababu hiyo. Na alikosea mara moja, kwa sababu ambayo hakuna kati yetu anayeweza kumlaumu kwayo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru, Bwana Geza. Mkurugenzi anatukumbusha kwamba utumishi wako unakoma leo saa nane mchana na funguo zinarudishwa ofisini. Ofisi inathibitisha kupokea funguo zote isipokuwa wa banda la vioo. Mkurugenzi aliulizwa kuhusu ufunguo huo akasema hakumbuki kama banda hilo lina kufuli, na sote tunajua anakumbuka.

Zawadi yako ipo kwenye kiti, imefungwa. Ni joho la kuogea. Lina doa la udongo upande wa kushoto, na Mama Terezija, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, amekataa kulifua.

Miche ingali tutani chini ya majoho mengine, na hao watakatifu watatu bado hawajafika. Zamu ya kufunika na kufunua imeshapangwa hadi tarehe kumi na tano. Jaji ameomba kuongezewa siku, anasema goti halijapona. Siku ya Zofka, mvua inyeshe isinyeshe, majoho yataondolewa, na atakayeyaondoa ni wewe. Agosti, tunda la kwanza litakalopasuka begani haliliwi na mtu: mbegu zake zitaanikwa kwenye dirisha la dobi. Mama Terezija ameshatenga gazeti.

Yaliyosalia yapo ubaoni. Mliochelewa kuingia hamkusoma, maana mlikuwa na haraka ya keki ya mbegu za mipopi. Leo asubuhi kulikuwa na maandishi mapya, meupe, ya mkono mzito usiozoea chaki, wenye harufu ya sabuni:

Je, mnajua? Mtunza bustani akistaafu kabla ya Zofka, hatolewi nje. Huwekwa ndani, hufunikwa, husubiriwa.

Ofisi ya lishe imelichunguza jambo hilo kwa makini. Chini yake, kwa chaki ya buluu, imeandika: Ni kweli.

Basi maisha yako mapya yawe mema, Bwana Geza, yenye jua la kutosha na jirani mwenye mtufaha. Ila usiyaanze kabla ya Alhamisi ijayo.